Paka wa Kariakoo, mbwa wa godauni na kipande cha sabuni

Mwezi huu nilikusudia kuandika juu ya shinikizo la damu. Nimeahirisha, na sababu ni bibi mmoja wa Kariakoo.

Jumamosi moja tulikuwa tumesali jumuiya katika nyumba ya ghorofa nyuma ya Mtaa wa Mkunguni. Baada ya sala, kahawa ilipokuwa ikizungushwa, bibi huyo aliniita pembeni, karibu na mlango wa jikoni.

“Sista, nina swali dogo, usinicheke.”

“Sikucheki, mama. Uliza tu.”

Akamwita mjukuu wake, mtoto wa miaka sita, akamfungua kitambaa alichofungwa mkononi. Chini ya kidole gumba palikuwa na matundu mawili madogo, yamepakwa majivu. Siku tatu kabla, mtoto alikuwa amemkuta paka shume kwenye ngazi za ghorofa, akataka kumbeba. Paka akamwuma, akakimbia. Bibi alipaka majivu, akafunga, na kwa kuwa damu ilikatika mapema, aliona mambo yamekwisha. Tatizo ni kwamba jirani mmoja alimtia wasiwasi.

“Lakini huyu ni paka tu, Sista. Kichaa si ni cha mbwa?”

Nimefanya kazi ya uuguzi kwa zaidi ya miaka thelathini na swali hilo nimeulizwa mara nyingi, na waliouliza si watu wasiosoma peke yao. Tatizo liko katika jina lenyewe. Tunasema “kichaa cha mbwa”, tukadhani mbwa ndiye mwenye ugonjwa, tena yule mbwa koko anayetoka udenda barabarani. Ukweli ni kwamba kila mnyama anyonyeshaye aweza kuupata na kuuambukiza: paka, mbuzi, ng'ombe, punda, nyani, fisi. Ni kweli kwamba karibu watu wote wanaokufa kwa kichaa, hadi 99 kwa kila 100, waliambukizwa na mbwa. Lakini paka naye huumwa na mbwa, na paka naye huuma watu. Hapa Kariakoo paka tunao wengi kuliko mbwa.

Anayepafahamu Kariakoo anajua ninachosema. Palipo na samaki, kuku na makapi ya soko, pana panya. Palipo na panya, pana paka. Zamani, nyumba zetu zilipokuwa zile za Kiswahili, vyumba sita na ua nyuma, paka alikuwa wa nyumba nzima. Alilala kwa huyu, akala kwa yule, na akizaa chini ya uvungu wa mtu, basi huyo ndiye mwenye bahati au mwenye hasara. Leo nyumba hizo zimevunjwa, yamesimama maghorofa, na paka amehamia kwenye ngazi, juu ya mabati ya vibanda na nyuma ya mapipa ya taka. Soko lilipoungua tarehe 10 Julai 2021, nilipita nje siku chache baadaye. Wafanyabiashara walikuwa bado wamesimama wanalia mali zao. Paka walikwisha kurudi.

Mbwa ni habari nyingine. Mchana huwaoni sana. Wako kwenye magodauni ya upande wa Gerezani, wamefungwa, wanasubiri usiku wafunguliwe pamoja na mlinzi. Wengine hawana mwenyewe, hulala mchana kando ya bonde la Msimbazi kule Jangwani na kupanda mjini usiku kutafuta mifupa. Majirani zetu wengi ni Waislamu, na kwao mate ya mbwa ni najisi. Chombo alicholamba mbwa huoshwa mara saba, na mojawapo kwa udongo. Mkristo anayefuga mbwa katikati ya majirani wa namna hiyo yampasa awe mwangalifu: asimwachie mbwa aingie ua wa watu, asimpitishe karibu na wanaokwenda msikitini. Nami kama muuguzi nasema wazi kwamba desturi ile ya kuosha na kurudia kuosha naipenda. Mtaona kwa nini.

Hebu niwarudishe nyuma kidogo. Nilipokuwa bado muuguzi kijana katika hospitali ya misheni huko bara, aliletwa mvulana wa miaka kama tisa. Wazazi walisema ana malaria ya kichwani. Alikuwa na homa, hana utulivu, na alilalamika kwamba mguu unawasha mahali palipokuwa na kovu. Nilimletea maji ya kumezea dawa. Alitaka kunywa, alikuwa na kiu kabisa, lakini kikombe kilipokaribia mdomo koo likakaza, akatupa kichwa nyuma, na macho yake sijayasahau. Mtu alipofungua dirisha na upepo ukaingia, ikawa vile vile. Daktari wetu alimwita baba nje.

Lile kovu lilikuwa la meno ya mbwa, na si mbwa koko. Alikuwa mtoto wa mbwa wao wenyewe, wa miezi minne, aliyekuwa akicheza na watoto uani. Alimwuma mvulana mguuni, siku mbili baadaye akafa, wakamtupa. Mvulana alipelekwa zahanati moja, akapigwa sindano ya pepopunda, kidonda kikashonwa, akarudi nyumbani. Hakuna aliyeuliza mbwa yuko wapi. Ilipita miezi miwili. Kwetu aliishi siku tatu, na muda mwingi akili yake ilikuwa timamu, akimwita mama yake kwa jina la nyumbani.

Nasimulia haya kwa kuwa mtoto yule angaliweza kupona kwa vitu viwili, na kimoja kilikuwa jikoni kwao.

Virusi vya kichaa vinakaa katika mate ya mnyama mgonjwa. Akikuuma, au akikukwaruza kwa kucha alizolamba, au akilamba mahali ulipochubuka, vinaingia mwilini. Havipiti katika damu kama malaria. Vinashika mishipa ya fahamu na kupanda polepole kuelekea kwenye ubongo. Ndiyo maana ugonjwa huchelewa, mara nyingi miezi miwili au mitatu, wakati mwingine wiki moja tu, na mara chache hata mwaka. Aliyeumwa usoni au kichwani hana muda mrefu, kwa sababu njia ni fupi. Watoto, kwa kimo chao, ndio wanaoumwa usoni. Dalili zikishaanza, hakuna hospitali, ya hapa wala ya Ulaya, yenye dawa ya kuponya. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2015 yalisema ugonjwa huu unaua watu wapatao 59,000 kila mwaka duniani, karibu wote Afrika na Asia, na kati ya kila watu kumi wanaokufa, wanne ni watoto walio chini ya miaka 15. Kwa Tanzania peke yake, makadirio ya mwaka 2002 yalikuwa watu wapatao 1,500 kwa mwaka.

Lakini ule muda wa virusi kusafiri ndio nafasi yetu. Ukiumwa, usikimbilie bodaboda kwanza. Kimbilia sabuni. Sabuni ya mche, ya unga, ya kuogea, yoyote ile. Sabuni huviua virusi hivi. Mwaga maji yanayotiririka juu ya kidonda, paka sabuni, sugua kwa upole hadi ndani ya matundu ya meno, suuza, rudia, kwa muda wa dakika 15. Najua dakika 15 ni nyingi mtoto akilia, na najua hapa mjini bomba lina siku zake. Ndoo moja na kopo vinatosha: mmoja amwage kidogo kidogo, mwingine asugue. Tazameni saa, maana dakika tatu za mtoto anayepiga kelele huonekana kama kumi na tano. Kisha paka iodini au spiriti kama ipo.

Majivu hapana. Pilipili, mafuta ya taa, maji ya betri, kahawa, manyoya ya mbwa aliyekuuma, yote hayo nimeyatoa kwenye vidonda kwa mikono yangu. Jiwe la nyoka nalo, ambalo hata baadhi ya vituo vyetu vya misheni vililiuza miaka ya nyuma, halina kazi hapa. Usifunge kidonda kwa kukikaza, na ukimwona mtu anaandaa uzi wa kushona jeraha la meno ya mbwa, mwulize kwa heshima kama hapana haja ya kungoja. Jeraha la namna hiyo kwa kawaida huachwa wazi kwanza.

Baada ya sabuni, hospitali, siku hiyo hiyo. Chanjo ya kichaa hupigwa mkononi, begani. Nalitamka hili kwa sauti kwa ajili ya wazee, maana bado wapo wanaokumbuka zile sindano 14 au 21 za tumboni, na kwa kuziogopa humficha mtoto nyumbani. Zile zimekwisha. Siku hizi ni sindano chache kwa tarehe maalumu: siku ya kwanza, kisha baada ya siku tatu, kisha baada ya siku saba, na kwa utaratibu mwingine ziko nyingine zinazofuata. Atakayekupangia ni mhudumu wa afya, na tarehe anazoandika kwenye kadi si za mapambo. Mama mjamzito huchanjwa, anayenyonyesha huchanjwa, mtoto mchanga huchanjwa. Mwenye jeraha baya aweza kuhitaji pia dawa nyingine ya kinga inayopigwa ndani na kando ya kidonda. Hiyo haipatikani kila mahali, nayo ni sababu nyingine ya kutocheza na sabuni.

Na kama siku zimepita? Nenda. Hata kama ni wiki, hata kama ni mwezi, nenda, maadamu dalili hazijaanza. Hilo ndilo nililomwambia bibi yule. Tulimwosha mtoto pale pale kwenye sinki la jikoni, nikisimamia mwenyewe kwa saa yangu, na Jumamosi hiyo hiyo bibi akamchukua kwenda hospitali.

Jambo gumu ni fedha. Chanjo ya binadamu mara nyingi hulipiwa, na kwa mama anayeuza vitumbua ni pesa nyingi. Nimeona watu wakipata sindano ya kwanza na kukosa ya pili. Ndiyo sababu nawaambia wenye mbwa na paka kwamba chanjo ya mnyama ni nafuu mno ukilinganisha na ya mtu, na aliyechanja mnyama wake amewalinda watoto wa mtaa mzima. Mbwa na paka huchanjwa wakifika miezi mitatu, halafu kila mwaka. Afisa mifugo wa kata yupo. Ofisi ya kata watakuelekeza. Tarehe 28 Septemba ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, inayoadhimishwa tangu mwaka 2007, na sehemu nyingi chanjo za hadhara hufanyika siku za karibu na hapo. Tarehe hiyo ndiyo aliyofariki Louis Pasteur mwaka 1895, Mfaransa yule ambaye Julai 1885 alimchanja mtoto wa miaka tisa, Joseph Meister, aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa, na mtoto akapona. Miaka tisa, kama yule mvulana wangu wa huko bara. Zaidi ya miaka mia ilikuwa imepita.

Wapo watakaosema: kwa nini tusiwapige risasi mbwa koko wote? Limejaribiwa mahali pengi. Ukiua mbwa kumi, kumi wengine wanaingia kufuata mifupa ile ile, na wageni hao hawajachanjwa. Kinachofaa ni kuchanja mbwa wapatao 70 katika kila 100, na kurudia kila mwaka. Tazameni ndugu zetu wa Pemba. Walichanja mbwa kisiwa kizima, na kufikia Mei 2014 kichaa kikawa kimekwisha. Kisha uchanjaji ukalegea. Mwishoni mwa mwaka 2016 ugonjwa uliingia tena kutoka nje, wakarudi kuchanja, na Oktoba 2018 wakawa wameumaliza mara ya pili.

Mnyama akimwuma mtu, msimwue kwa hasira. Kama ni mbwa au paka mwenye mwenyewe, afungiwe, apewe maji na chakula, atazamwe siku kumi. Akiwa mzima baada ya siku kumi, hakuwa na virusi katika mate siku ile alipouma. Lakini aliyeumwa asingoje siku hizo ndipo aanze chanjo. Mnyama akifa au akitoroka, mwambieni mhudumu wa afya na afisa mifugo. Mzoga msiushike kwa mikono mitupu wala msiutupe mtoni. Kipimo hufanywa kwenye ubongo, na maabara ya veterinari ipo hapa hapa Temeke. Tena msitegemee udenda. Mbwa mwenye kichaa mara nyingine huwa mkimya, hujificha gizani, taya limelegea, sauti imebadilika, na mtu mwenye huruma humtia mkono mdomoni akidhani amekwamwa na mfupa. Paka aliyekuwa mpole akianza kuwarukia watu bila sababu, ondoeni watoto.

Nisije nikawafanya mkawachukia wanyama hawa. Mimi mwenyewe nina paka, mweusi mwenye soksi nyeupe, na panya sijawaona jikoni kwangu muda mrefu. Nataka niseme machache ya kila siku.

La kwanza ni sumu. Katika mitaa yetu hapapiti saa bila kusikia kile kipaza sauti: dawa ya panya, dawa ya mende, dawa ya kunguni. Vifuko vingine havina hata maandishi. Panya akila, akatoka akizubaa, paka wako humkamata kirahisi, na sumu aliyokula panya inaweza kumwua na paka. Hivyo unanunua sumu ya panya unampoteza mwindaji wa panya, na mwezi ujao panya wanarudi peke yao. Baya zaidi ni mtoto anayeokota kile kifuko chini ya kitanda. Mwenye paka mzuri na ndoo ya taka yenye mfuniko hana sababu ya kununua sumu hiyo.

La pili, tafadhali, tafadhali, msimpe paka Panadol. Nimesikia mama mwema kabisa akisema paka wake alikuwa na homa akampa nusu kidonge. Dawa hiyo, inayotufaa sisi, kwa paka ni sumu kali. Mwili wake hauwezi kuiondoa. Vivyo hivyo dawa za kupe za kuogeshea ng'ombe, zinazouzwa kwenye maduka ya pembejeo kando ya soko: asipewe mbwa wala paka bila daktari wa mifugo kupima kiasi. Nyingine zinazofaa kwa mbwa zinaua paka.

Chakula si kazi ngumu. Paka ni mla nyama. Ugali mtupu haumtoshi, aongezewe dagaa au vichwa vya samaki vilivyochemshwa. Mbwa wa godauni anayekula mara moja kwa siku mabaki yaliyochacha hatakuwa mlinzi, atakuwa mgonjwa mwenye hasira. Mifupa ya kuku iliyopikwa huvunjika vipande vyenye ncha, msimpe. Maji safi yawepo mchana kutwa, hasa Januari na Februari, joto la Dar es Salaam mnalijua. Na mbwa wa mnyororo mfupi usiku na mchana, hilo mimi naliita ukatili, na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 ipo.

Minyoo ya mbwa na paka huwapata watoto wanaocheza kwenye mchanga penye kinyesi, kwa hiyo wanyama wapewe dawa ya minyoo na watoto wanawe mikono. Mama mjamzito amwachie mtu mwingine kazi ya kuzoa kinyesi cha paka, maana mna kijidudu kinachoweza kumdhuru mtoto tumboni. Hana haja ya kumfukuza paka. Kijidudu hicho hicho hupatikana kwenye nyama isiyoiva na mboga zisizooshwa vizuri, na wengi hukipata huko.

Watoto wafundishwe kutomgusa mnyama anayekula, anayelala au anayenyonyesha, na kutomkimbia mbwa. Kisha, kubwa kuliko yote, wafundishwe kusema. Watoto wengi huficha kwamba wameumwa kwa kuogopa fimbo, kwa kuwa walikatazwa kucheza na mbwa wa jirani. Mama, ukisikia hilo, fimbo iache. Shika sabuni.

Mjukuu wa bibi yule alimaliza sindano zake. Yule paka shume hakuonekana tena, na hatujui alikuwa na nini. Juzi nilikutana na bibi Mtaa wa Sikukuu, amebeba kapu lililofunikwa kanga na kufungwa kamba. Kapu lilikuwa linalia. Alikuwa akimtafuta afisa mifugo.

Waliouliza juu ya shinikizo la damu wanivumilie, nitawajibu mwezi ujao.